Lango la Kati

Karakana ya Cheche na karakana ya Randa ziligawana ukuta mmoja, na ukuta wenyewe ulikuwa wa mabati. Ukipiga chafya upande huu, wa upande wa pili anakuombea afya njema. Cheche alikuwa mchomeleaji. Alitengeneza mageti, madirisha, vitanda vya chuma, na kazi ikiwa haba, hata miguu ya meza za watu ambao hawakuwa na hakika wanataka meza gani. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limeshasahaulika. Mke wake mwenyewe alimwita Cheche. Randa alikuwa seremala, amemzidi miaka minne, mrefu na mkavu kama mbao zake, mwenye tabia ya kuchomeka penseli sikioni kisha kuitafuta karakana nzima huku akilaumu wezi.

Mmoja alikuwa Radi, mwingine Nyuki. Jiji lile lilikuwa na klabu mbili za mpira, na mtu asiye na upande alionekana kama mtu asiye na kwao. Radi walivaa bluu, Nyuki walivaa njano. Cheche aliirithi Radi kwa baba yake kama alivyorithi pua. Randa alikuwa Nyuki kwa sababu mjomba wake alimbeba mabegani kwenda uwanjani akiwa na miaka mitano, na siku ile Nyuki walishinda, na mtoto akadhani ndivyo inavyokuwa siku zote.

Basi wakawa watani. Siku moja Radi walifungwa matatu kwa bila. Kesho yake asubuhi Cheche alikuta mlangoni kwake ubao umepigwa randa na kupakwa vanishi, umechongwa herufi nzuri kweli: HAKUNA MTU HAPA. WAMEKWENDA KUOKOTA MIPIRA WAVUNI. Cheche aliusoma, akacheka mpaka akaegemea geti la mteja lililokuwa halijakauka rangi. Hakuung'oa ule ubao. Aliuacha wiki nzima, na jirani yake alipofungwa mwezi uliofuata, Cheche akamtengenezea mzinga wa bati, ndani yake akatia kokoto moja. "Tikisa," akamwambia. Randa akatikisa. "Hiyo ndiyo timu yenu," Cheche akasema. "Kelele nyingi, asali hakuna."

Wateja wengine walikuja wakiwa hawana shida ya mlango wala kabati. Walikuja kuwasikiliza tu.

Lakini utani ule ulikuwa na kitu chini yake, na aliyetaka kukijua angemuuliza Cheche habari ya macho. Mwaka mmoja kipande cha chuma kilimrukia jichoni wakati anasaga bawaba. Daktari akamfunga macho yote mawili, akamwambia akae hivyo wiki tatu. Randa ndiye aliyempokelea wateja wiki zote hizo, akiwaambia, "Fundi yupo, ila kwa sasa haoni mbele, kama timu yake." Na wiki ya pili ilipoangukia mechi ya watani, alimfuata nyumbani kwake.

"Vaa shati, twende uwanjani."

"Nikafanye nini, bwana? Nikanuse?"

"Mimi nitaona. Wewe utasikiliza."

Akamshika mkono mpaka upande wa Radi. Randa, Nyuki damudamu, alikaa katikati ya watu wa bluu na kofia ya bluu ya kuazima kichwani, akamsimulia mechi dakika kwa dakika. Hakumdanganya hata kidogo. Mpira ukiwa kona alisema uko kona. Dakika ya themanini uwanja ulilipuka na Cheche akatikiswa na watu kulia na kushoto, akapiga kelele, "Nini? Nini jamani?" Randa alikunja uso kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

"Bao," akasema. "Lenu. Sirudii."

Cheche alikuwa akisimulia hadithi hiyo kila alipopata mtu wa kumsikiliza. Baadaye aliacha kuisimulia.

Randa alikuwa na mke mpole wa maneno machache, ambaye Cheche alimwita shemeji, na binti mmoja aliyekulia kwenye maranda. Akiwa na miaka kumi na tisa binti yule alikuwa anaunganisha pembe za kabati bila msumari, na baba yake alimpa kazi ngumu zaidi akisingizia kwamba mgongo unamuuma. Cheche alimwita "fundi mwenzangu", naye akimwita baba mdogo. Cheche na mkewe hawakujaliwa mtoto. Hilo halikuzungumzwa kwenye karakana zile mbili, lakini chakula cha mchana binti alikuwa akikila upande huu mara nyingi kama upande ule.

Kisha mpira wenyewe ukaingia uchungu. Si kwamba kilitokea kitu kikubwa. Vilikuwa vitu vidogo vilivyofuatana: mwamuzi aliyekataa bao safi, chupa iliyorushwa, kijana wa Nyuki aliyeng'olewa meno mawili, bendera ya Radi iliyochomwa moto mbele ya watoto. Uwanjani palikuwa na uzio wa chuma uliotenganisha pande mbili, na katikati ya uzio huo palikuwa na lango. Zamani lango lile lilikuwa wazi wakati wa mapumziko, na watu walivuka kwenda kuchokozana, kuulizana habari za nyumbani, kisha kila mmoja anarudi kwake. Sasa watu walivuka kwenda kupigana. Wakalitia kufuli, kufuli likavunjwa. Wakatia jingine kubwa zaidi, nalo likavunjwa.

Jioni moja mwenyekiti wa tawi la Radi alikuja karakana pamoja na msimamizi wa uwanja. Mwenyekiti alikuwa mtu wa sauti kubwa na kicheko cha haraka. Msimamizi alikuwa mwembamba, anayeangalia saa yake hata mtu akiwa anamjibu.

"Tunataka lile lango lisifunguke," msimamizi akasema. "Lisifunguke kabisa. Lichomelewe."

"Na nani wa kulichomelea kama si mwana-Radi?" mwenyekiti akaongeza, akimpiga Cheche begani. "Tukimleta fundi wa Nyuki ataacha upenyo."

Hapa ndipo Cheche alipopatazama tena na tena katika maisha yake yote yaliyobaki. Angeweza kuuliza swali. Swali lenyewe halikuwa gumu; hata mtoto angeliuliza. Watu watapita wapi likitokea la kutokea? Hakuliuliza. Alijisikia mtu mkubwa, fundi wa klabu, aliyefuatwa mpaka mlangoni kwake. Akasema, "Nipeni mpaka Alhamisi."

Alhamisi akaenda na mashine yake. Alichomelea sehemu saba, kila moja akairudia mara mbili, akagonga magamba ya kuchomelea kwa nyundo ndogo, akapitisha kidole kuona kama pana nafasi. Msimamizi akainama akaonyesha kwa kalamu.

"Piga na hapa chini."

Akapiga na hapo chini. Zikawa nane. Alipomaliza aliliegemea lango kwa bega, kisha kwa mgongo, kisha akalipiga teke. Lilikuwa kama ukuta. Ilikuwa kazi nzuri, na aliifurahia kama fundi yeyote anavyofurahia kazi nzuri.

Aliporudi karakana hakuweza kuvumilia. Aliongea kupitia mabati hata kabla hajashusha mashine kwenye mkokoteni.

"Randa! Nimewafungia mzinga!"

Sauti ya msumeno ikakatika. "Mzinga gani?"

"Lango la kati. Hata mdudu hapiti."

Randa akazunguka, akasimama mlangoni na unga wa mbao kwenye nyusi. "Umelichomelea? Kweli?"

"Nane. Mpige ngumi mpaka mchoke."

Randa alicheka. Kisha akajikuna shingo. "Sasa lakini, fundi. Kule kwetu mlango wa nyuma una mabawa mawili, moja limekwama tangu mwaka jana. Linafunguka nusu."

"Mtapita mmojammoja. Si nyuki nyinyi?"

Wakacheka wote wawili, na Randa akarudi kwenye msumeno wake. Mazungumzo yaliishia hapo.

Jumamosi ilikuwa na jua kali. Uwanja ulijaa mapema. Cheche alikaa mahali pake pa kawaida, safu ya sita, na aliweza kumwona Randa ng'ambo ya uzio kwa sababu ya urefu wake na kitambaa cha njano alichokizungusha kichwani kama mgonjwa wa meno. Randa alimwona pia. Akatoa vidole viwili juu, maana yake mawili kwa bila. Cheche akamjibu kwa vidole vitatu.

Dakika ya sitini na kitu, chini ya jukwaa la Nyuki, waya wa umeme wa kibanda cha vinywaji ulitoa moshi. Baadaye watu walisema moto wenyewe ulikuwa mdogo kiasi kwamba ulizimwa kwa ndoo mbili za maji, na hakuna ubao hata mmoja ulioungua. Lakini moshi ulipanda mweusi kati ya miguu ya watu, mtu akapiga kelele "Moto!", na neno hilo likapokewa mdomo kwa mdomo likiongezeka ukubwa. Walio juu walikimbilia mlango wa nyuma. Mlango wa nyuma ulifunguka nusu. Walioona kwamba kule hapapitiki waligeuka, wakashuka kwa kasi kuelekea walikozoea kupita miaka yote: lango la kati.

Upande wa Radi waliwaona wanakuja na wakadhani ni vita. Watu walisimama wakazomea. Wengine walirusha chupa. "Njooni! Njooni muone!" Na Cheche, ambaye hakuwahi kurusha hata ganda la karanga, alicheka. Alikuwa na hakika ya lango lake. Alicheka labda kwa muda wa mtu kuhesabu mpaka ishirini.

Kisha akaziona nyuso za walio mbele. Hazikuwa nyuso za watu wanaotaka kupigana. Zilikuwa zimegeuzwa upande, shavu kwenye chuma, na midomo wazi bila sauti.

Alishuka zile safu akikanyaga miguu ya watu. Alipofika chini alimkuta Randa. Kitambaa cha njano kilikuwa kimemshuka shingoni. Kifua chake kilikuwa kimebanwa kwenye nondo na nyuma yake palikuwa na uzito wa jukwaa zima. Mkono mmoja ulikuwa umepita kati ya nondo mpaka begani, na Cheche aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili.

Randa alimtambua. Hata tabasamu lilijaribu kuja.

"Acha utani, fundi," akasema kwa pumzi ndogo. "Fungua."

"Nimelichomelea, Randa. Nilikwambia nimelichomelea."

"Basi. Umeshinda. Fungua."

Cheche aliuachia mkono. Alilishika lango akalitikisa, yeye aliyelijua kuliko mtu yeyote. Alipiga kelele kwa wenzake, na sasa wale wa Radi waliokuwa wakizomea walianza kuelewa. Wakaruka chini mmoja baada ya mwingine, wakavuta nondo kwa mikono, wengine wakilia. Cheche alikimbia mpaka stoo ya mtunza uwanja akatoka na mtaimbo na msumeno wa chuma wenye meno butu. Wakaingiza mtaimbo. Wanaume sita waliuning'inia. Kiungio cha kwanza kikaachia, cha pili, cha tatu. Walifika sita. Viwili vilikataa: cha katikati, na kile cha chini kabisa. Kazi yake haikuwa na kasoro. Ilibidi gari la zimamoto liingie uwanjani, lifunge mnyororo na kuvuta.

Lango lilipong'oka watu walimwagika kama nafaka kwenye gunia lililopasuka. Randa alikuwa bado amesimama, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kuanguka. Aliposogea yule aliyekuwa nyuma yake, ndipo alipolala.

Walikufa watu saba. Cheche alimbeba Randa mpaka kwenye nyasi, akamlaza pembeni ya mstari wa kona, akaendelea kumwita kwa jina lake halisi, ambalo kwa miaka ishirini hakulitumia hata mara moja.

Jioni ile ile alikwenda kwa shemeji yake. Mwanamke yule alikuwa ameketi kwenye kitanda, habari imeshamfikia, anakunja na kukunjua shati lile lile. Alimuuliza jambo moja tu.

"Ulikuwa naye?"

"Nilikuwa naye."

"Alisema nini?"

Cheche alimtazama, na ulimi ukamwendea upande uliokuwa mwepesi. "Hakuteseka, shemeji. Alikutaja wewe na binti. Alisema niwaangalie."

Mwanamke aliinamisha kichwa. Binti alikuwa amesimama mlangoni. Alimwangalia Cheche jinsi anavyouangalia ubao ambao amepewa akaambiwa ni mkavu.

Kwenye mazishi Cheche alikuwa wa kwanza kubeba jeneza. Mjane alimtegemea, alimtuma huku na huku kama ndugu wa damu. Alikuwa hajui ni nani aliyelichomelea lango. Msimamizi hakusema, mwenyekiti hakusema, na aliyeambiwa kwa kicheko kupitia ukuta wa mabati alikuwa ameshazikwa. Cheche alikula kwenye nyumba ile kila siku kwa wiki mbili.

Uchunguzi ukatangazwa. Siku mbili kabla ya mashahidi kusikilizwa, mwenyekiti wa tawi alipita karakana, bila kicheko safari hii. Alikaa kwenye kitanda cha chuma kisicho na godoro.

"Hakuna karatasi," akasema. "Hakuna aliyesaini. Lango lilikuwa la zamani, limeshika kutu. Kutu si kosa la mtu."

"Halikuwa na kutu."

"Fundi, fikiri. Watakuweka ndani. Na klabu itafungiwa. Unataka Radi ife kwa ajili yako?"

Mke wa Cheche alikuwa nje ya karakana anafua nguo za kazi, na alisikia yote. Mgeni alipoondoka aliingia akifuta mikono kwenye kanga.

"Utasemaje?" akamuuliza.

"Sijui."

"Unajua." Akakaa pale pale alipokaa mwenyekiti. "Mimi nitakuletea chakula popote watakapokuweka. Ila usije ukaniletea nyumbani mtu aliyesema ni kutu."

Uchunguzi ulifanyika kwenye ukumbi wa mikutano wenye viti vya plastiki na feni moja iliyozunguka kwa kulalamika. Mbele walikaa watu watatu na makaratasi. Familia za marehemu zilikaa safu ya kwanza. Msimamizi aliitwa, akasema hakumbuki kutoa agizo lolote kuhusu lango. Mtunza uwanja aliitwa, akasema siku ya Alhamisi alikuwa na ruhusa. Ndipo Cheche alipoitwa kama shahidi wa uokoaji, kwa sababu watu wengi walikuwa wamemwona na mtaimbo.

"Tueleze ulivyojaribu kulifungua," wakamwambia.

"Kwanza nieleze nilivyolifunga," akajibu.

Feni ikaendelea kulalamika. Cheche alieleza yote: nani alikuja, siku gani, alipiga viungio vingapi, kipi kiliongezwa, nani alionyesha kwa kalamu. Alisema hakuuliza watu watapita wapi, na hakuna aliyemkataza kuuliza. Alisema Randa alimtajia mlango wa nyuma, naye akamjibu kwa mzaha. Hakulia. Alikuwa anaongea na meza.

Aliposikia kiti kinasogea aliinua macho. Shemeji yake alikuwa amesimama. Hakupiga kelele, hakumlaani. Alichukua mkoba wake, akapita katikati ya ukumbi mpaka nje, na kandambili zake zilisikika kwenye sakafu hatua kwa hatua. Binti alibaki amekaa mpaka mwisho.

Msimamizi alifukuzwa kazi na kushtakiwa. Mwenyekiti alivuliwa cheo. Klabu zote mbili zilicheza bila watazamaji msimu mzima, na Radi ndiyo iliyolaumiwa zaidi. Cheche hakufungwa, walisema alitekeleza agizo na alisema kweli. Wengine walimwambia ashukuru. Hakujua amshukuru nani. Tawi la Radi lilifuta jina lake kwenye daftari la wanachama, na asubuhi moja alikuta mlango wa karakana umepakwa rangi ya njano, mtu ameandika MSALITI. Watu wa Nyuki nao walivuka barabara wakimwona. Wateja walipungua. Aliyekuwa akija kusikiliza maneno hakuwa tena na maneno ya kusikiliza.

Kwa upande wa pili wa mabati palikuwa kimya miezi miwili. Kisha asubuhi moja Cheche akasikia randa inapita juu ya ubao, taratibu, ikisimama, ikiendelea. Ilimchukua muda kukumbuka ni nani anayeweza kuwa.

Binti alikuja mchana. Alikuwa amekonda. Alisimama kizingitini, hakuingia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Sikuja kukaa. Nataka kukuuliza kitu, na ukinidanganya nitajua, kwa sababu siku ile nilijua. Baba alisema nini?"

Cheche aliweka kioo cha kuchomelea mezani. Alifikiria kumwambia aende nyumbani. Alifikiria mambo mengi kwa muda mfupi.

"Alisema, acha utani, fundi, fungua. Nikamwambia nimelichomelea. Akasema, basi, umeshinda, fungua. Halafu mimi nikauachia mkono wake nikaenda kutafuta mtaimbo. Sijui kama alisema kingine. Sikuwepo."

Binti aliegemea nguzo ya mlango. Akawa anabandua rangi ya njano kwa ukucha bila kuiangalia.

"Alidhani unaweza," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Mpaka mwisho alidhani unatania."

"Ndiyo, mwanangu."

Alilia kidogo, kwa hasira zaidi ya huzuni, akajifuta kwa mkono wenye vumbi la mbao ukamwachia mstari shavuni. "Asante kwa kuniambia. Mama sitamwambia. Yeye abaki na yale uliyompa." Kisha akasema, "Nahamisha karakana. Siwezi kufanya kazi hapa nikisikia mashine yako. Nilijaribu leo. Siwezi."

"Ni haki yako."

"Sisemi kwa ubaya."

"Najua."

Aliondoka mwisho wa mwezi. Cheche alijitolea kubeba meza nzito ya useremala mpaka kwenye gari, akakubaliwa. Waliibeba wawili, yeye na binti, bila kusemezana zaidi ya "inua" na "taratibu". Penseli tatu zilianguka kutoka nyuma ya droo. Binti aliziokota zote tatu.

Aliyepanga pale baadaye alikuwa muuza rangi, mtu mchangamfu, mgeni wa jiji. Wiki ya kwanza alipiga mabati akauliza, "Jirani, wewe ni Radi au Nyuki?" Cheche akamjibu kwamba mpira haumpendezi, na muuza rangi akaamini.

Aliendelea na kazi. Alijulikana kwa ukaidi mmoja: alikataa kufunga kitu chochote kisichofunguka kwa ndani. Mwenye duka akija kutaka dirisha la nyuma lizibwe moja kwa moja, Cheche alimwambia atatia bawaba na komeo, au amtafute mwingine. Wengi walimtafuta mwingine. Mkewe hakulalamika. Siku za mechi ya watani alichukua baiskeli akatoka nje ya jiji mpaka mahali ambapo kelele za uwanjani hazifiki, akarudi jua likielekea kuzama.

Shemeji yake hakumsemesha miaka tisa. Walikutana sokoni, walikutana kwenye misiba ya watu wengine, na kila mara Cheche aliinama kumsalimu, naye mjane alipita. Binti aliolewa, kadi ilikuja bila barua. Cheche alikwenda, akakaa kiti cha mwisho, akaondoka kabla ya picha.

Mwaka wa kumi, macho yake yakaanza kuona ukungu. Alikwenda hospitali asubuhi, akapewa namba, akaketi kwenye benchi refu kwenye ukumbi wa kusubiri. Alikuwa amekaa kama nusu saa alipohisi mtu anaketi upande wa kulia, akiacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Alimtambua kabla ya kugeuka. Alikuwa amezeeka, mguu mmoja umevimba, na ameshika fimbo.

"Shikamoo, shemeji," akasema Cheche, kama alivyosema miaka yote tisa bila kujibiwa.

Hakujibiwa. Walikaa. Watoto walikuwa wanalia, muuguzi alikuwa anaita namba, mtu mmoja alikuwa anabishana kuhusu foleni. Ilipita labda saa nzima. Kisha namba ya mwanamke yule ikaitwa. Alijaribu kunyanyuka, fimbo mkono mmoja na mkoba mkono mwingine, akashindwa, akajaribu tena. Alisimama pale akihema. Akauangalia ule mkoba. Halafu akaunyoosha upande wa Cheche bila kumtazama usoni.

"Nishikie," akasema.

Cheche aliupokea kwa mikono miwili. Ulikuwa mkoba wa kitambaa, mzito kuliko ulivyoonekana, na aliupakata magotini bila kuusogeza. Mwanamke alichechemea mpaka mlango wa daktari, akaingia, ukafungwa. Muuguzi akatoka akaita namba. Akaiita tena. Ilikuwa namba ya Cheche, lakini hakuinuka. Aliogopa kwamba akitoka pale yule mwanamke angekuta hayupo. Muuguzi akasonya, akaita aliyefuata.

Alipotoka, mjane wa Randa alichukua mkoba wake, akauning'iniza begani, akaupigapiga kidogo kuuweka sawa.

"Haya," akasema, na akaenda zake.

Cheche alienda dirishani kuomba namba nyingine.